Kiplastiki cha midomo mitatu kwenye mipira ya hita kimekatika, chaitwaje dukani?

BahariaWaLikoni:

Asalaam aleikum wadau, na wengine wote habari zenu. Nimekuja na shida yangu manake nshazunguka nshachoka, viatu vimebakia utando.

Juzi Jumatano asubuhi nimo kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, jua lishapanda, AC yapiga, foleni haisongi hata hatua mbili. Nikaanza kusikia harufu tamu tamu hivi ndani ya gari, kama sukari iliyoungua, nikadhani ni yule muuza kashata aliyepita dirishani. Kumbe wapi. Kucheki mshale wa temperecha huo ushapanda juu, mara mvuke umetoka ubavuni mwa boneti, na nyuma yangu matatu yapiga honi kama kwamba mimi ndiye niliyeleta foleni. Vijana wakanisukuma hadi pembeni, Mungu awalipe, ila mmoja keshashika kitambaa ataka kufungua mfuniko wa rejeta pale pale, nikamshika mkono nikamwambia ndugu yangu una uso mmoja tu.

Ilipopoa ndio nikaona. Nyuma ya injini karibu na ule ukuta wa dashibodi kuna mipira miwili ya hita, na kila mpira umekatwa katikati ukatiwa kiplastiki cheusi chenye midomo mitatu, mdomo wa tatu washuka chini kwenda hita ya nyuma. Kimoja kimekatika mdomo, kipande kimebakia ndani ya mpira kimeng'ang'ana na klipu.

Sasa ubavuni mwake imeandikwa >PA66-GF30<. Nikasema alhamdulillahi, namba ya spea hii hapa. Nimezunguka nayo Mwembe Tayari maduka saba, nikaenda Jomo Kenyatta Avenue, kila mtu aichapa kwenye kompyuta, akunja uso, asema haipo jaribu Nairobi. Mmoja akasema hio ni ya magari ya Ulaya. Mwengine akanipa bei ya kuagiza Dubai kabla hata hajakiangalia chenyewe.

Gari ni van ya Mjapani ya 2005, viti nane, petroli 2000cc. Kampuni sitaji manake humu ukitaja jina tu watu waacha swali waanza vita vya gari ya nani bora. Hita ya nyuma sijawahi kuiwasha tangu ninunue, nani awashe hita Mombasa?

Kwa hivo naomba kujua: hii kitu yaitwaje, nitajuaje saizi yake, na je naweza kutia ya shaba ya mafundi bomba nikaendelea na maisha?

---

Spana14:

Ami nimecheka mpaka chai imenipalia, nisamehe. PA66-GF30 si namba ya spea, ni jina la plastiki yenyewe! PA66 ni nailoni, GF30 ni kwamba imechanganywa nyuzi za kioo asilimia 30 ili iwe ngumu. Hio chapa utaikuta kwenye matenki ya rejeta, feni, vifuniko vya injini, nusu ya vitu vyeusi chini ya boneti yako vina hayo maandishi. Ni sawa na kwenda dukani na kiatu ukauliza "mna ngozi?" Lakini usijilaumu, hao wa maduka saba ndio walitakiwa wakwambie, sio kuichapa tu kwenye kompyuta.

Kuhusu jina, omba "tii ya mpira wa hita". Kama ni ya kuunga moja kwa moja bila tawi waitwa jointa, ikikunja ni elbo. Mafundi wengine kila kitu chenye mdomo wa kuvalia mpira wakiita nipo, kwa hivo ukienda na jina peke yake utarudi na kitu chengine. Enda na kipande.

Saizi sasa. Watu wengi hapa ndio wanapopotea. Mipira ya gari huitwa kwa upana wa NDANI. Mpira wa 16 maana yake tundu lake ni milimita 16, na tii yake ni ile ambayo bomba lake kwa NJE ni 16. Pima kwa venia (kile kipimio cha taya mbili) ile sehemu iliyonyooka ya mdomo, usipime kile kifundo cha mwisho, kifundo kinazidi kwa milimita moja au mbili kusudi mpira usichomoke, wengi wapima hapo waenda kununua 18 ambayo siyo. Na usipime mdomo wa mpira wa zamani manake ushatanuka kwa miaka, kata sentimita tatu upime ndani zaidi.

Huna venia? Chukua ukanda wa karatasi uzungushe kwenye bomba, tia alama pale inapokutana, nyoosha pima kwa rula, gawa kwa 3.14. Ukipata kama 50 kwenye karatasi basi ni 16. Gari nyingi za Kijapani za saizi yako mpira wa hita ni huo wa 16, ambao Mmarekani auita 5/8 ya inchi. Lakini pima, usiniamini mimi.

Alafu nieleze jambo moja: klipu zilizokuwa hapo ni zile za springi zinazobanwa kwa plaisi, au za kukaza kwa bisibisi?

---

BahariaWaLikoni:

@Spana14 cheka tu, hata mke wangu kacheka. Za bisibisi. Fundi alizibadilisha mwaka jana alipobadilisha mpira, akasema zile za springi ni dhaifu.

---

Spana14:

Hapo ndipo ilipokufia. Nailoni ikikaa miaka na joto na kulanti (ile dawa ya maji ya rejeta) hukauka ikawa kama biskuti. Klipu ya springi hubana kiasi, mpira ukinywea nayo yafuata. Ile ya bisibisi fundi akiwa na nguvu za asubuhi aizungusha mpaka plastiki ndani yapasuka ufa usiouona, na wewe waondoka umefurahi. Mpira wa hita hautaki kukazwa hivo. Ukiona mpira umefura pembeni mwa klipu kama tumbo juu ya mkanda, ishapita kiasi.

---

MamaSpea_Makupa:

Habari zenu. Mimi niko upande wa pili wa kaunta, acha niseme kidogo maana sisi ndio twatukanwa kila siku.

Kaka, mteja akija na picha ya WhatsApp imepigwa usiku, kidole kimefunika nusu, ananiuliza "una hii?", mimi nifanye nini? Lete kipande chenyewe hata kama kimevunjika, vipande vyote, hata kile kilichobaki ndani ya mpira. Ikishindikana kabisa piga picha kimewekwa kando ya rula, mchana, pande mbili.

La pili ni chasisi. Hizi gari zilizotengenezewa soko la Japani hazina ile namba ndefu ya herufi 17, zina kodi ya modeli halafu kistari halafu namba sita au saba. Iko kwenye logbook yako na iko kwenye kibati ndani ya boneti. Ukinipa "Van ya 2005" hujanipa kitu, manake modeli moja mwaka mmoja yaweza kuwa na injini mbili, ya hita ya nyuma na isiyokuwa na hita ya nyuma, na mipira yote tofauti. Ukinipa chasisi nafungua katalogi naona mchoro, kila mpira na namba yake. Mfano Toyota zile tarakimu tano za mwanzo ni aina ya kitu, 16571 ni mpira wa juu wa rejeta, 16572 wa chini, tano za nyuma ndio zasema ni wa gari ipi. Mtu akija na mpira una namba haijafutika nampa jibu kabla hajakaa.

Lakini ntakwambia ukweli wa biashara: kitu kama hio tii yako mara nyingi haiuzwi peke yake, katalogi yaitaka pamoja na mpira mzima, na mpira huo hapa hakuna mtu aliyeweka stoki manake anaoununua ni mmoja kwa mwaka. Ndio watu wanakwambia Nairobi, na ukienda Kirinyaga Road nao wanakwambia lete sampuli. Ya eks-Japani, iliyokwishatumika kule, utapata, lakini hio nayo ni plastiki ya umri ule ule iliyokaa kwenye joto lile lile, wanunua uzee wa mwenzio.

Na tafadhali msinunue mpira wa bustani mkatia hapo. Mpira wa hita wenyewe huwa umeandikwa ubavuni, wengi una SAE J20R3. Mpira wa petroli ni mwengine kabisa, wa injini za injekta tafuta J30R9. Juzi mtu alitia mpira wa maji kwenye laini ya petroli, mpira ukafura ukawa laini kama mkate uliolowa. Bahati yake harufu aliisikia akiwa amesimama.

---

dogo_wa_Bombolulu:

bro mbona mnamsumbua na hesabu za karatasi, hio chukua epoksi ile ya tyubu mbili changanya piga pale kesho asubuhi unaendesha. ama tia ile paipu ya kijani ya mafundi bomba, PPR, inachomelewa haitoki hata uivute na trekta

---

Spana14:

Dogo, tusiuane. Hapo pana maji ya nyuzi 90 na ushee na yako kwenye presha. Mfuniko wa rejeta ukiandikwa 1.1 maana yake washikilia presha mpaka karibu baa moja na pointi moja juu ya hewa ya kawaida, kwa presha hio maji hayachemki mpaka yapite 120. Ndio maana mfuniko ukifunguliwa ikiwa moto yote yageuka mvuke kwa mpigo na kukupanda usoni. PPR ya moto yaenda vizuri kwenye bafu la hoteli, sio nyuma ya injini inayotingishika mchana kutwa. Na epoksi kwenye nailoni iliyolowa kulanti haishiki, yabanduka kama gamba la samaki.

---

BahariaWaLikoni:

Sasa nyinyi mwanifanya nikiri dhambi. Mliponitajia 16 tu nikajaribu ujanja wangu. Nilipita duka la pembejeo za kilimo nikaona vile viunganishi vyeusi vya drip (umwagiliaji wa matone), tii, vimeandikwa 16! Hamsini bob. Nikasema tazama, watu wa spea waniibia, mkulima auziwa hamsini. Nikachukua vinne.

Kutia kwenye mpira chacheza ndani kama meno ya bandia. Nikazungushia tepu nyeupe ya mabomba mpaka kikashika, nikakaza klipu, nikapita Ukunda. Kwenda kulienda. Kurudi nimefika karibu na Tiwi harufu ya kashata ikarudi. Nilipofungua kile kitu kimelainika kimepinda kichwa kama ua lililokosa maji.

Lakini swali langu kwa dhati, 16 si 16? Mbona kilikuwa kidogo?

---

Spana14:

😂😂 Ami wewe ni hazina. 16 si 16. Watu wa drip wapima bomba lao kwa NJE. Bomba la drip la 16 ndani ni kama 13 na kitu, na kiunganishi chake kimetengenezwa kuingia humo. Sisi wa magari twapima tundu la ndani. Namba moja, vitu viwili, ndio maana nilikwambia upime. Na ile plastiki imetengenezwa kwa maji ya kisimani sio ya injini.

---

FundiFriji_Mzee:

Wanangu salaam. Nimesoma kimya kimya nikaona hii ni yangu. Mimi ni wa AC na mafriji, gari siziwezi sana, lakini mabomba nayajua.

Sisi wa AC nasi twapima nje, kama hao wa drip. Lakini angalieni bahati hii: bomba la shaba nyekundu la AC la 5/8 nje yake ni milimita 15.88. Yaani ndio huo mpira wenu wa 16, laingia kama kidole kwenye pete. Na Mombasa hii, kila mtaa una fundi wa AC na kila fundi ana vipande vya 5/8 vilivyobaki kazini, laini ya gesi ya mashine kubwa kubwa. Tii za 5/8 za shaba zipo kwenye maduka ya vifaa vya friji. Mwambie akukatie vipande vitatu vya sentimita tano tano, achomelee kwenye tii kwa gesi na vijiti vya fedha, umemaliza.

Ila mambo mawili msimwachie yeye ayakumbuke. Kwanza midomo lazima iwe na kifundo, bomba tupu laini mpira utateleza ukichomoka wote mzima mzima. Ana mtambo wa kutanua mdomo, amwambie atanue kidogo tu, mwanzo mwanzo, isifike kufunguka kabisa kama anavyofanya kwenye AC manake itaukata mpira kwa ndani. Baadaye apitishe msasa ukingo usiwe mkali. Pili, asafishe ndani baada ya kuchomelea, yale magamba meusi yasiende kukaa kwenye hita yako.

Shaba na maji ya moto ni marafiki wa zamani, rejeta nyingi za zamani zilikuwa shaba. Adui ni chumvi.

---

NahodhaMjiWaKale:

Samahani kumkatizia mwenye uzi lakini hapa naona wanaojua. Mimi nina boti, injini ya dizeli ya Kijapani. Pale kwenye bloku pana kitundu cha presha ya oili, nataka kutia fitingi nivute kimpira niweke geji kwenye usukani. Shemeji kaniletea fitingi nzuri ya shaba kutoka Marekani, imeandikwa 1/8 NPT. Yaingia raundi mbili na nusu, yakaza. Nipake grisi niisukume na spana kubwa?

---

Spana14:

NAHODHA USIKAZE. Itoe. Itoe sahii kisha uendelee kusoma.

Hizo ni nyuzi mbili zinazofanana kama mapacha lakini baba mbalimbali. Mjapani kwenye vitundu vya presha ya oili hutumia sana ile iitwayo PT, ambayo ndio BSP ya Muingereza ya kuchongoka. Saizi ya 1/8 ya BSP ina nyuzi 28 kwa inchi, ya Mmarekani ina 27. Pembe ya uzi, Muingereza 55, Mmarekani 60. Ndio maana inaanza vizuri inakudanganya, raundi mbili zaingia, halafu nyuzi zapishana yakaza. Ukisukuma, kwenye bloku ya chuma utaharibu nyuzi, kwenye alumini utapasua na hapo ndio utaijua bei ya kilio. Na hata isipopasuka haizibi, itadondosha oili.

Habari njema, mafundi bomba wetu Kenya watumia BSP, urithi wa Mkoloni. Kwa hivo Mjapani na fundi bomba wa Kongowea watumia nyuzi moja. Enda na swichi yako ya oili ya zamani kwenye duka la vifaa vya mabomba ya gesi na hewa, zile za kompresa, omba nipo ya shaba ya 1/8 BSP iliyochongoka, itaingia kwa mkono raundi kadhaa bila ubishi.

Na usipime kwa rula ukashangaa. 1/8 ya bomba ukiipima nje ni karibu milimita 9.7, haina uhusiano na inchi ya shuleni. Nusu inchi ya bomba nje ni karibu 21. Hayo majina yalitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya kale, mabomba yakabadilika majina yakabaki. Hio nusu inchi ndio mtihani zaidi manake BSP na NPT zote zina nyuzi 14, waweza kuzikaza mpaka mwisho ukadhani umepatia.

Tepu nyeupe ukitumia acha nyuzi mbili za mwanzo wazi, ikikatika kipande kikaingia kwenye njia ya oili hutakipenda kitakapoenda. Na kama swichi ya taa ya oili itarudi kwenye kitundu hicho hicho kwa tii, usiifunge tepu nyingi, ile hupata ethi yake (njia ya umeme kurudi) kupitia bodi yake.

---

NahodhaMjiWaKale:

Nishaitoa. Ilikuwa ishaanza kuchubua kidogo tu nyuzi ya fitingi, bloku iko salama. Allah akuzidishie. Shemeji ntamwambia ni nzuri sana nimeiweka kabatini.

---

Miritini_Diesel:

Turudi kwa mwenye uzi. Nyote mwamtafutia tii. Swali langu, tii ya nini? Mwenyewe kasema hita ya nyuma hajaiwasha tangu anunue gari. Hio tii kazi yake ni moja tu, kugawa maji moto yaende nyuma kupasha miguu ya watoto wa Sapporo kwenye theluji. Mombasa twalipa pesa kupunguza joto yeye anatunza mfumo wa kuliongeza!

Toa tii zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Unga mpira wa hita moja kwa moja kwa jointa ya 16, au ununue mpira mpya mrefu bila kiungo chochote. Hita ya mbele yabakia yafanya kazi kama kawaida, ile usiizibe, manake kwenye injini nyingi maji ya hita ni sehemu ya mzunguko unaoendelea hata themostati (mlango wa maji kwenda rejeta) ikiwa imefunga, ukiziba waweza kuleta shida nyengine. Yale mabomba mawili yanayokwenda nyuma mwaga maji yake, kisha unganisha midomo yao kwa kipande cha mpira kimoja chenye umbo la U ili matope na mchanga visiingie. Siku ukiuza gari kwa mtu wa Nyahururu atairudisha mwenyewe.

Tena hayo mabomba ya nyuma yapita chini ya gari, ya chuma, na wewe waishi Likoni na hewa ya bahari. Ukiacha mfumo wa nyuma ukiwa na maji, tii ukitengeneza leo, bomba litatoboka kwa kutu kesho kutwa. Yapunguze mahali pa kuvujia.

---

MamaSpea_Makupa:

Nakubaliana na Miritini ingawa kanikosesha biashara. Na tii ya pili usiiache hata kama yaonekana nzima, zimezaliwa siku moja.

Na maji jamani. Naomba uulize nafsi yako huyo fundi alikujazia nini mwaka jana.

---

BahariaWaLikoni:

Alijazia maji ya mferejini kwetu. Ambayo ni ya kisima. Ukipikia chai waionja chumvi.

---

FundiFriji_Mzee:

Innalillahi.

---

BahariaWaLikoni:

Wadau nimerudi na ripoti, Jumapili jioni, mikono bado yanuka.

Nimefuata ya Miritini na shaba ya Mzee Friji. Fundi wa AC hapa mtaani kanikatia vipande viwili vya 5/8 vilivyonyooka, kila kimoja kama urefu wa kalamu ya wino iliyobakia nusu, katanua midomo kidogo kama Mzee alivyosema, mia mbili zote pamoja na soda. Nilipima mwenyewe na venia ya kuazima, mdomo wa tii ya zamani 16.1, shaba 15.9. Nilikaa nikavitazama vile vipande viwili kama mtu aliyepata shahada.

Tii ya pili, ile "nzima", nilipoishika tu kuivuta ikabaki mkononi vipande vitatu. Kwa ndani ilikuwa rangi ya kahawia na yamong'onyoka ukiisugua na kucha. MamaSpea alijua. Kipande kilichokuwa kimebakia ndani ya mpira wa kwanza sikukichokoa na bisibisi, niliukata mpira sentimita mbili nikakitupa pamoja na kipande chake, urefu ulitosha bado.

Klipu nimetafuta za springi, nikapata nne za eks-Japani Mwembe Tayari, kwa yule yule aliyeniambia ni gari ya Ulaya. Hakunikumbuka.

Maji yaliyotoka kwenye rejeta, wallahi nimepiga picha lakini naona haya kuiweka, rangi ya supu ya pweza. Nimesuuza mara tatu na maji ya chupa kubwa yale ya lita 20, ya mwisho yakatoka meupe, ndio nikatia kulanti iliyochanganywa tayari. Kutoa hewa nilipandisha gari kwenye kijimlima cha msikitini pua ikaangalia juu, mfuniko wazi injini ikiwa baridi, nikawasha, hita ya mbele kwenye joto la mwisho, huku naminya mpira wa juu. Mapovu yalitoka kama dakika kumi na tano. Watoto wa madrasa wakadhani napika.

Jana nimekwenda Diani na kurudi, foleni ya feri dakika arubaini AC on, mshale haujatingishika. Hita ya mbele nimeiacha kwa sababu mke wangu kwao Wundanyi, na Disemba kule usiku kuna baridi ya kweli, tusidanganyane.

Kile kipande cha PA66-GF30 nimekitoboa nimekitia kwenye funguo za gari.

Sasa kuna jengine. Nilipokuwa nasuuza nimeona mfuniko wa rejeta umeandikwa 1.1, na kwenye kitabu cha gari mchoro waonyesha 0.9. Fundi yule yule wa mwaka jana ndiye aliyeubadilisha, akasema huu una nguvu zaidi. Niuache au nirudishe wa 0.9?

---

Spana14:

Rudisha. Na huyo fundi mwambie namsalimia.

---

MamaSpea_Makupa:

0.9 ninayo. Njoo na ule wa zamani, usije na picha.